Aniverseri ya Mapasa: Kwa Nini Mmoja Anakaa na Mwingine Anaosha Vyombo?



Leo siandiki juu ya chakula wala juu ya orodha ya wanaosafiri. Nataka tuongee juu ya aniverseri, siku ya kuzaliwa, na hasa ya mapasa, au mapacha kama wanavyosema wenzetu wa Nyarugusu na Kakuma. Nasema wale mapasa ambao mmoja ni mvulana na mwingine ni msichana. Najua kuna atakayesema, kwani huna kingine cha kuandika? Ninacho. Lakini hiki tunakiona kwa macho yetu kila wakati na hakuna anayekisema.

Mimi hapa Nakivale nina kazi ndogo ya kupiga picha kwa simu, kwenye pati, ubatizo na harusi. Aniverseri nimepiga nyingi, na za mapasa zimo. Ukizipitia haraka haraka utaona keki, maputo, watoto wanacheka. Pitia tena polepole. Mvulana yuko katikati, karibu kila picha, amekaa kwenye kiti kile cha plastiki kilichofunikwa kitenge. Dada yake, waliyezaliwa naye siku ileile, yuko pembeni ameshika sinia. Au hayumo kabisa, maana saa hiyo alikuwa jikoni anapakua wali. Kuna binti mmoja alinifuata kesho yake akaniomba picha moja tu ambayo yeye amekaa. Nilitafuta kwenye simu nzima. Haikuwepo. Ilikuwa aniverseri yake, jamani, miaka 14.

Sasa kwa nini nasema mapasa na si watoto wote? Kwa sababu kwa watoto wengine tunazo sababu za kujitetea. Tunasema, huyu msichana ndiye mkubwa, lazima asaidie mama. Tunasema, huyu mvulana ni kitinda mimba, muacheni acheze. Kwa mapasa sababu hizo zote zinakwisha. Umri ni mmoja, mama ni mmoja, nyumba ni moja, wako kwenye karatasi moja ya familia. Tofauti iliyobaki ni moja tu, na kila mtu anaijua. Ndiyo maana nasema ukitaka kujua nyumba inavyowapima watoto wa kike na wa kiume, usiulize maswali mengi. Nenda kwenye aniverseri ya mapasa, kaa, angalia nani anasimama kila dakika tano.

Wengine wakisikia hivi wanasema dawa ni kuwatenganisha. Kila mmoja apate pati yake, na marafiki zake, siku yake. Nimesikia hilo hata kwa mfanyakazi mmoja wa kujitolea, mtu mwema kabisa, alisema kila mtoto ana haki ya siku yake peke yake. Kwa maneno ni sawa. Kwa maisha yetu mimi nakataa, na nitasema kwa nini.

Kwanza ni feza. Hata keki ndogo inakula feza kabla hujafikiria soda, mchele na mafuta. Ukisema pati mbili, unasema katoni mbili, keki mbili, kuazima viti mara mbili, kusumbua majirani mara mbili. Hakuna mama hapa mwenye hiyo. Atafanya moja, na ya pili atasema itakuja mwezi ujao mavuno yakitoka. Na sasa niambieni ukweli wenu: ile inayosubiri mwezi ujao itakuwa ya nani? Mimi sijaona hata mara moja ya mvulana ikiahirishwa ili ya msichana itangulie. Pati ya mwezi ujao ni pati ambayo haiji. Kwa hiyo anayesema tuwatenganishe ili msichana apate siku yake, bila kujua anamnyang'anya hata ile nusu aliyokuwa nayo.

Pili, wakiwa pamoja watu wanaona. Wakitenganishwa, kila sherehe inaonekana nzuri peke yake na hakuna wa kulinganisha. Wakikaa viti viwili, mmoja kando ya mwingine, kiti kimoja kikibaki wazi saa nzima hata mzee asiyejali atauliza, mwingine yuko wapi?

Kwa hiyo mimi niko upande wa pati moja. Lakini iwe ya watu wawili. Tunachofanya sasa mara nyingi ni pati ya mtu mmoja yenye majina mawili juu ya keki.

Kuna kitu ambacho kinanishangaza kwa wanaotetea mambo haya kwa jina la mila. Mila ipi? Angalieni majina yetu ya mapasa. Warundi wana Bukuru na Butoyi: Bukuru ni aliyetangulia kutoka, Butoyi ni aliyefuata, na mtoto anayezaliwa baada yao ni Ciza. Watanzania wana Kulwa na Doto. Waluba wa Kasai wana Mbuyi na Kabanga. Kwenye majina hayo hakuna la kiume wala la kike. Unaweza kukutana na Bukuru mwenye ndevu na Bukuru mwenye mtoto mgongoni. Wazee walipoweka majina hayo waliangalia nani alitangulia, basi. Waganda ndio wanatofautisha: mvulana akitangulia ni Wasswa na dada yake ni Nakato, msichana akitangulia ni Babirye na kaka yake ni Kato. Lakini hata kwao kila mmoja ana jina lake kamili, na wazazi wote wawili wanapata heshima, mama anakuwa Nnalongo na baba Ssalongo. Mama yeyote wa Kikongo aliyezaa mapasa hapa settlement anajua, akienda sokoni muuza nyanya Mganda atamwita Nnalongo hata kama hawajawahi kuongea. Hiyo ndiyo mila ya mapasa ninayoiona mimi. Kuosha sahani za wageni siku ya aniverseri yako sijaikuta ndani ya mila yoyote. Aniverseri yenyewe na keki bibi zetu hawakuwa nazo! Tumeichukua juzi, basi tunaweza kuipanga tunavyotaka.

Sasa niseme kilicho kizito, maana wengine bado wanafikiri naongea juu ya sahani.

Wasichana kwa kawaida wanaanza kukua mwili mapema kuliko wavulana, mwaka mmoja au miwili kabla. Kwa mapasa hilo linaonekana wazi sana. Wakiwa na miaka 8 wanafanana urefu. Wakifika 12 au 13, yule dada amempita kaka yake kichwa kizima, na watu wanaanza maneno. "Huyu ameshakuwa mama." "Huyu mdogo wake bado mtoto." Mdogo wake! Wamezaliwa wameachana nusu saa! Lakini neno likirudiwa mara nyingi linakuwa kweli. Yule dada anaanza kuhesabiwa na watu wazima, anapewa kazi za watu wazima, na wanaume wazima wanaanza kumwangalia kama wanavyoangalia. Kaka yake anaendelea kuwa mtoto kwa miaka mingine minne mitano, anacheza mpira, hakuna anayemuuliza kitu. Na nyumba ikipata karo ya mtoto mmoja tu wa sekondari, mnajua nani anaenda. Hawasemi kwamba ni kwa sababu yeye ni mvulana. Wanasema, "Dada yake ameshakuwa mkubwa."

Na sheria zenyewe zilikuwa zinasema hivyo. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, lakini mvulana asioe mpaka 18. Ichukue hiyo uiweke juu ya mapasa. Wanakata keki ya miaka 15 pamoja, kisu kimoja, na siku hiyohiyo sheria inasema mmoja anatosha kuwa mke wa mtu na mwingine bado ana miaka mitatu ya utoto. Sheria ya kulinda mtoto ya 2009 ikaja kukataza ndoa za watoto, na mwaka 2016 Sheria ya Familia yenyewe ikarekebishwa, sasa ni 18 kwa wote. Tanzania, waliko ndugu zetu wa Nyarugusu, Sheria ya Ndoa ya 1971 iliandika jambo lilelile: msichana 15 kwa idhini ya wazazi, mvulana 18. Dada mmoja mwanasheria, Rebeca Gyumi, akaipeleka mahakamani, Mahakama Kuu ikakubaliana naye mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani nayo ikasimama hapohapo mwaka 2019. Hapa Uganda Katiba ya 1995 inasema 18, mwanamume na mwanamke sawa. Kwa hiyo mtu asije akatuambia kwamba tumeleta mambo ya wazungu. Kinshasa, Dodoma na Kampala ziko hapahapa kwetu.

Kinachobaki ni kule nyumbani, na aniverseri ni mahali ambapo nyumba inasema kwa sauti mtoto ana miaka mingapi. "Wametimiza 14." Wote wawili. Majirani wamesikia, mchungaji amesikia, shangazi aliyeleta mchumba mwezi uliopita amesikia. Kesho mtu akisema huyu binti ameshafika 18, kuna watu thelathini waliokula keki yake ya 14 wanaoweza kusema hapana. Mimi naona hiyo ni kinga, tena ya bei nafuu. Lakini inafanya kazi kama binti alikaa kwenye kiti akaonekana. Aliyekuwa jikoni hakuna anayekumbuka alitimiza mingapi.

Nisiwasahau kaka zangu. Msifikiri mvulana kwenye kiti kile anafurahi kila mara. Wengi wanaona aibu. Wamevalishwa koti la kuazima, wanaambiwa wakae kama chifu, na dada yao ambaye ndiye rafiki yao wa kwanza duniani anapita mbele yao na ndoo. Mmoja alisimama kwenda kumsaidia, mjomba wake akamwambia, "Kaa chini, unatuaibisha." Yule kijana akakaa. Nimepiga picha yake dakika hiyo, na mama yake aliniomba niifute kwa sababu kwenye uso hakuna furaha.

Basi tunapangaje? Mimi si mtaalamu, nasema niliyoyaona yakifanya kazi.

Waulizeni mbalimbali. Usiwaite pamoja ukauliza "mnataka nini", kwa sababu atajibu mmoja na mwingine atasema "mimi pia". Mapasa wa kike na wa kiume wanatoka kwenye mayai mawili, ni ndugu tu kama ndugu wengine, ila walikaa tumbo moja kwa wakati mmoja. Mmoja anaweza kupenda kelele na mwingine hapendi. Nimeona msichana aliyetaka wimbo mmoja tu na sala, na kaka yake aliyetaka spika mpaka usiku. Walikubaliana: sala kwanza, spika baadaye, saa kumi na moja inazimwa. Hiyo saa ni muhimu kwa sababu ya wasichana walioalikwa, njia zetu hazina taa, na mzazi akijua pati inakwisha jua likiwa bado linaonekana atamruhusu binti yake kuja. Pati za usiku zinawafukuza wasichana hata kabla ya kuanza. Saa nane mpaka saa kumi na moja inatosha kabisa.

Kila mmoja awe na wageni wake, idadi sawa. Kila mmoja aimbiwe kwa jina lake. Hili la wimbo watu wanaliona dogo, lakini nyinyi sikilizeni: wimbo mmoja kwa majina mawili, jina la pili huwa linamezwa na makofi.

Mavazi, muwaache. Mama Mapasa wengi wanapenda kushona kitenge kimoja kwa wote wawili, na wakiwa wadogo inapendeza sana, siwezi kubisha. Wakifika miaka 10 waulizwe.

Zawadi ndiyo shida kubwa, maana huwezi kumpangia mgeni. Lakini unaweza kumdokeza. Nimeona mvulana akipewa mpira, saa, na kofia, na dada yake akipewa sufuria, vikombe sita na ndoo. Sufuria! Hiyo ni zawadi ya mama yake. Mwenye kualika aseme mapema, leteni daftari, kalamu, viatu vya shule, au feza kidogo kwenye bahasha mbili zinazolingana. Hakuna atakayekasirika.

Na kazi. Hapa ndipo kila kitu kinasimama au kinaanguka. Kanuni ni moja: mwenye aniverseri hafanyi kazi siku hiyo, awe wa kike au wa kiume. Anayebaki kufanya ni nani? Sisi. Marafiki wa mvulana wateke maji siku ya kabla na walete kuni. Marafiki wa wote wawili wapakue na kuosha vyombo. Mama asibebeshwe peke yake, maana mama ndiye aliyezaa siku hiyo, na nyumba nyingi hazikumbuki hata kumpa kipande cha kwanza. Watasema wavulana wataharibu wali. Wataharibu mara ya kwanza. Mara ya pili wataiva na wao. Kwani wale wanaopika kwenye mahoteli ya Base Camp na kuchoma chapati barabarani si wavulana? Tena wanalipwa.

Kuna mama aliniambia, "Binti asipozoea kazi, atateseka kwa mume." Nilimsikiliza kwa heshima kwa sababu anasema kutokana na yale aliyoyapitia. Lakini mama, ana siku 364 za kuzoea.

Sasa neno kwa ndugu zetu wa mashirika. Mnajua wengi wetu tulipofika bila karatasi tuliandikiwa tarehe 1 Januari. Kwa mtu mmoja ni jambo la kucheka, tunatakiana heri ya mwaka mpya na ya kuzaliwa kwa pamoja. Kwa mapasa inaweza kuwa shida kubwa. Mmoja akirekebishiwa tarehe na mwingine akaachwa, mfumo unakuwa na watoto wawili wa umri tofauti, na mmoja atahesabiwa mtu mzima kabla ya mwingine. Mama akija na tarehe, sahihisheni ya wote wawili siku hiyohiyo. Tarehe ya kuzaliwa mapasa mama haisahau, na mtaa aliokimbia nao haukuisahau. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unasema kwenye ibara ya 7 kwamba mtoto asajiliwe mara anapozaliwa, na kwenye ibara ya 31 kwamba ana haki ya kupumzika na kucheza. Mnatufundisha ibara hizo kwenye semina. Basi kwenye miradi pia tazameni: binti anaitwa kwenye kushona, kaka yake anaitwa kwenye mpira, na hakuna aliyewauliza. Na ule mfuko wa wasichana wenye sabuni na pedi ni msaada mkubwa, siusemi vibaya hata kidogo. Lakini usimpe binti mbele ya watu siku ya aniverseri yake huku pasa wake anapewa mpira. Mpe siku nyingine, kwa siri yake.

Najua swali la mwisho, linaulizwa na wageni na linaulizwa na sisi wenyewe: chakula chenyewe hakitoshi, pati ya nini? Tangu 2023, WFP ilipoanza kutugawa makundi kulingana na uhitaji hapa Uganda, kuna nyumba zinapata kidogo na nyumba hazipati kabisa. Najua hilo kwa tumbo langu. Simwambii mtu akope kwa ajili ya keki. Kuna mapasa waliofanyiwa aniverseri kwa chai ya rangi na mandazi kumi na sita, na mshumaa mmoja wa kawaida uliokatwa vipande viwili ili kila mmoja apulize wake. Picha zake ni kati ya nzuri nilizonazo.

Mwezi huu mapasa wa zoni yetu wanatimiza 16. Kaka na dada, wote wako shule bado, na tunataka wote wabaki. Pati ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa nane kamili, nyuma ya kanisa. Mchango ni shilingi 2,000 kwa anayeweza. Asiyeweza alete kuni au sombe. Wavulana wa timu ya mpira wamekubali kupika wali na ndagala, wasichana watapamba na kusimamia spika. Vyombo tutaosha kwa zamu, orodha nimeibandika kwenye mti wa bomba la maji, na jina langu liko la kwanza. Bado tunatafuta viti viwili vinavyofanana.